Kufuta vidakuzi peke yake hakutoshi

Wenzangu balisansie, na nyinyi mungali ku iniversite, leo siongei juu ya mihogo. Niko na neno juu ya kivinjari, ile sisi hapa Kindu tunaita navigateri, na juu ya shauri tunalopewa kila siku: "Futa vidakuzi vyako, utakuwa salama." Shauri hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ingine ilinigharimu.

Mwaka nilipomaliza lisansi nilikuwa natuma barua za kuomba kazi toka siberi moja ya hapa mjini. Siku moja koneksio ikakatika, nikalipa saa yangu, nikatoka bila kufunga akaunti. Kesho yake mjomba wangu wa Kasongo akapiga simu: "Mwipwa, ile pesa ya matibabu ilikufikia?" Pesa gani? Kumbe mtu alikaa kwenye kiti changu, akakuta barua pepe yangu wazi, akamwandikia kwa jina langu na kumpa namba yake. Hakuhitaji neno la siri.

Ndipo nikaelewa kidakuzi ni nini. Tovuti haikumbuki sura yako: kila ukurasa unaofungua, kwake wewe ni mgeni. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alitunga kidakuzi, kipande cha maandishi ambacho tovuti inaacha ndani ya kivinjari, na kivinjari kinakirudisha kila mara. Ni kama jetoni ya hospitali: mwenye kuishika ndiye anaitwa. Ukifuta kidakuzi bila kufunga akaunti, umetupa jetoni tu. Jina lako linaweza kubaki kwenye daftari.

Basi kosa la lile shauri ni kwamba liliandikwa kwa mtu mwenye mashine yake, umeme wake na koneksio isiyokatika. Sisi tunagawana mashine. Na ukifuta vidakuzi vyote kila jioni, kesho utaingia upya kila mahali, ungoje kode ya SMS wakati rezo haipo.

Na kivinjari je? Chrome tunaikuta tayari ndani ya simu nyingi, lakini mwenye nayo, Google, anaishi kwa matangazo. Mwaka 2020 alisema ataondoa vidakuzi vya watu wa tatu, vile vinavyokufuata toka tovuti hii mpaka ile. Mwaka 2024 akarudi nyuma. Opera Mini tunaipenda kwa sababu inabana ukurasa na mega zinadumu. Sawa, lakini ili ubanwe, ukurasa unapitia kwanza kwenye mashine zao. Firefox inatenga vidakuzi vya kila tovuti kwenye chungu chake, na kwa kompyuta ni hivyo bila kuomba toka 2022. Hata hivyo sehemu kubwa ya pesa yake inatoka kwa Google. Hakuna malaika hapo.

Mimi nimechagua hivi: Firefox kwa barua pepe na mambo ya pesa, na vidakuzi vya watu wa tatu nimevifunga, Opera Mini kwa kusoma habari tu. Siberi, natumia dirisha la faragha, nafunga akaunti, kisha nafunga dirisha. Dirisha hilo linafuta vidakuzi likifungwa, ila halimzuii mwenye mashine kuona unachofanya.

Leta imetupa Kode ya Dijitali, tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na inaongea juu ya ulinzi wa data ya mtu. Vizuri. Lakini sheria haitakufungia akaunti siberi.

Leo jioni, ingia kwenye barua pepe yako, tafuta orodha ya vyombo vilivyo wazi. Usichokijua, kitoe, halafu badilisha neno la siri. Dakika tano tu. Mimi mjomba ningali namrudishia pesa kidogo kidogo, na kila nikimpigia simu anauliza kwanza: "Ni wewe kweli?"