Kuipima Retina Gizani

Ubao wa herufi katika kliniki za macho unapima sehemu ndogo mno ya jicho: kitovu cha makula, pale katikati ya retina ambapo seli koni zimebanana na seli fimbo hazipo kabisa. Koni ndizo zinazotupa rangi na maandishi madogo mchana. Fimbo hufanya kazi mwanga unapofifia. Ugonjwa wa makula unaowapata wazee hauanzii hapo kitovuni. Christine Curcio wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, Marekani, alizihesabu seli hizo katika macho ya watu waliofariki, akakuta kwamba kati ya ujana na uzee fimbo za eneo la kati la retina hupungua kwa karibu asilimia 30, ilhali koni za kitovuni zinabaki karibu zote. Ndiyo maana mzee anaweza kuusoma mstari wa mwisho wa ubao, akaambiwa macho yake ni mazima, kisha jioni hiyohiyo akashindwa kuona ngazi za nyumba yake. Malalamiko yake ni ya kweli. Kipimo ndicho kimeulizia mahali pasipohusika.

Wenzake wa Birmingham, Cynthia Owsley na Gregory Jackson, waliamua kuziuliza fimbo zenyewe. Kuelewa walichofanya kunahitaji kujua fimbo inategemea nini ili ifanye kazi. Ndani yake mna rodopsini, kemikali inayovunjika kila inapopigwa na mwanga na kuundwa upya kwa kutumia aina maalumu ya vitamini A. Vitamini hiyo hutoka kwenye damu iliyo nyuma ya retina, ikapenya utando wa Bruch, ikapita tabaka la seli nyeusi zinazoilisha retina, ndipo ikaifikia fimbo. Umri unapokwenda, mafuta hujilimbikiza kwenye utando huo, na katika ugonjwa huu hutokea vilima vya uchafu viitwavyo druseni. Hali inakuwa ya bomba lililoziba nusu: ndoo itajaa, ila kwa kuchelewa. Basi cha kupima ni muda, na hapa ndipo ninapouona ustadi wa kazi yao.

Mgonjwa huketi katika chumba cheusi akikazia macho nukta nyekundu. Taa humulika mara moja, kwa nguvu ya kuvunja zaidi ya asilimia 80 ya rodopsini, lakini katika kipande kidogo tu cha retina, nyuzi 5 kutoka katikati, kwenye ukanda ambao fimbo zake hudhurika mapema. Baada ya hapo, kimwanga cha rangi ya kijani-buluu, ambayo fimbo huipokea vizuri kuliko rangi nyingine, huwaka na kuzimika mahali palepale. Akikiona anabonyeza kitufe, nacho hufifishwa; asipokiona huongezwa kidogo. Jicho zima kulizoea giza kikamilifu baada ya mwanga mkali huchukua kama dakika 40, muda usiovumilika kwa mtu wa miaka 80. Watafiti hawakuungoja mwisho huo. Waliweka kizingiti kimoja cha mwanga hafifu ambacho koni haziwezi kukifikia, wakahesabu dakika zinazopita hadi mgonjwa akione. Jibu ni namba moja.

Katika utafiti wao wa wazee wa miaka 60 na zaidi, aliyechelewa kupita dakika 12.3 alihesabiwa kuwa na kasoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yaliwahusu watu zaidi ya 300 ambao makula zao zilionekana safi kwenye picha. Baada ya miaka 3, waliokuwa wamechelewa kwenye kipimo walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuonyesha dalili za mwanzo za ugonjwa. Yaani utendaji ulianza kulegea kabla kamera haijaona kitu.

Jaribio jingine la kundi hilo, la mwaka 2006, linanishawishi zaidi kuhusu chanzo. Wazee walipewa vitamini A kwa wingi kwa siku 30, na fimbo zao zikaongeza kasi ya kurejea, kulinganisha na waliopewa dawa bandia. Hiyo haikuwa tiba, na vitamini A ikizidi mwilini hudhuru ini. Lakini ilionyesha kwamba tatizo ni la ugavi. Ndiyo njia ileile inayomfanya mtoto aliyekosa vitamini hiyo asione giza linapoingia, tofauti ikiwa kwamba kwa mtoto ghala ni tupu, na kwa mzee njia imeziba.

Kipimo kina udhaifu wake. Mzee husinzia gizani, kidole huchelewa, na mtoto wa jicho hupunguza mwanga unaoingia. Hata hivyo gharama ya kutopima utendaji ipasavyo imeshaonekana. Pegcetacoplan, dawa ya kudungwa jichoni kwa hatua ya mwisho ya ugonjwa ambapo retina hufa kwa mabaka, iliidhinishwa Marekani Februari 2023 kwa sababu ilipunguza kasi ya kutanuka kwa mabaka hayo kwenye picha. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaikataa: mabaka yalipungua kasi, lakini vipimo vya kuona havikuonyesha nafuu ambayo mgonjwa angeihisi katika maisha yake ya kila siku. Mimi naona Ulaya walikuwa na hoja. Lakini sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilikuwa ya kusoma herufi na maandishi, na baka linaweza kuzunguka kitovu kwa miaka bila kukigusa, mgonjwa akaendelea kusoma herufi zake huku uwanja wake wa kuona ukiliwa pembeni. Maikroperimetri, inayomulika nukta moja moja juu ya retina huku kamera ikifuata jicho linavyocheza, inaweza kupima ukingo wenyewe wa baka, pale seli zinapokufa mwezi huu au ujao, mradi nukta zipangwe kuufuata ukingo huo badala ya kutawanywa kwa usawa juu ya makula nzima.