Bawabu Aliyeificha Kazi Yake

Michezo ya kuchekesha iliyopata kuonyeshwa katika televisheni ya Kenya ni mingi, na mingi katika hiyo husahauliwa siku ya pili yake. Michache hubaki. Katika hiyo michache, mmoja ulikaa katika nyumba zetu za upande wa magharibi kwa miaka zaidi ya kumi, kama mgeni aliyealikwa chakula cha jioni akawa jamaa wa nyumba. Mchezo huo ni Papa Shirandula, ulioanza kuonyeshwa na kituo cha Citizen mwaka wa 2007. Nataka kueleza kwa nini nauweka mbele ya wenzake, na kwa nini mapenzi ya baadhi ya watu walioupenda kupita kiasi yananitia shaka.

Kisa chenyewe ni chepesi, hata mtoto aweza kukisimulia. Mtu mmoja mnene, mwenye maneno mengi na fedha chache, ameajiriwa kuwa bawabu. Mkewe, Wilbroda, hajui. Mume hutoka nyumbani amevaa suti na tai kama karani mkubwa aendaye ofisini. Afikapo kazini huivua suti, akavaa sare ya ulinzi, akasimama langoni. Wakati wa kurudi nyumbani ukiwadia, hubadili tena. Basi. Mengine yote, yaani ukali wa tajiri wake, porojo za wenzake kazini, na kelele za mkewe na mtumishi wao Awinja nyumbani, yametundikwa juu ya msumari huu mmoja.

Yafaa tuutazame msumari huo, kwa kuwa si wa kawaida. Aghalabu mchezo wa kuchekesha hujengwa juu ya mjinga. Sisi watazamaji tunajua jambo asilolijua yeye, na kicheko chetu ni cha mtu aliyesimama juu akimwangalia aliye chini. Papa si mjinga. Anajua ya kwamba kazi yake ni halali. Anajua ya kwamba mshahara wake, ijapokuwa ni mdogo, ndio unaonunua unga na mafuta ya taa. Anajua kadhalika ya kwamba watu wamezipanga kazi kwa ngazi, na ya kwamba bawabu amewekwa kipandio cha chini kabisa. Mwongo wa kawaida hudanganya ili apate mali au aepuke adhabu. Uongo wa huyu haumletei hata senti. Haja yake ni heshima mbele ya mtu mmoja tu, naye ni mtu anayelala naye nyumba moja. Tena lazima autunze uongo huo kila siku, aukunje vizuri na kuupiga pasi kama ile suti. Twacheka, naam, lakini kicheko chetu kina kitu ndani yake kinachokwaruza.

Wanafunzi wanaosoma tamthilia za Shakespeare watakumbuka ya kwamba katika Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili mwaka wa 1968, yumo bawabu mlevi. Anaamshwa na hodi usiku uleule mfalme alipouawa. Ananung'unika, anatoa mzaha, anafungua lango, na tangu hapo hatumwoni tena. Wataalamu wameandika kurasa nyingi sana juu ya dakika zile chache. Walakini hakuna anayeuliza kama bawabu yule alikuwa na mke, wala mkewe alijua nini juu ya kazi yake. Papa Shirandula ni bawabu yule aliyepewa nyumba, mke, madeni na miaka kumi na mitatu ya kujieleza. Sisemi ya kwamba waandishi wa mchezo walikuwa na Shakespeare mkononi. Nasema tu ya kwamba waliona mlango ambao wengi huupita bila kumtazama aliyeufungua.

Aliyeuigiza uhusika huo ni marehemu Charles Bukeko, mtu aliyeyajua mambo ya jukwaa. Alikuwa na mwili mkubwa, na waigizaji wengi wenye miili mikubwa hutosheka na kuufanya mwili kichekesho. Bukeko aliutumia kwa namna nyingine. Akiwa ndani ya suti alitembea kama mtu mwenye nchi. Akiwa ndani ya sare, mwili uleule ulipungua, mabega yakashuka, shingo ikajificha. Mabadiliko hayo hayakuhitaji neno hata moja. Kwa maoni yangu huo ndio uigizaji bora kabisa katika mchezo mzima, na ndio sehemu ambayo washabiki huitaja kwa uchache zaidi.

Lakini yapo mabaya yake, na mhakiki asiyeyasema si mhakiki. Mchezo uliishi muda mrefu kuliko visa vyake. Miaka ya mwisho mtazamaji aliweza kubashiri nani atafumaniwa na nani atakimbia. Kelele za nyumbani zilizidi mpaka mtu akatamani kupunguza sauti. Tena mchezo ulitegemea mno lafudhi. Hili ni jambo la kale katika michezo yetu. Katika Vitimbi ya Shirika la Utangazaji la Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka wa 2015, alijulikana nchi nzima kuwa Mzee Ojwang, mwenye Kiswahili cha Mjaluo, naye kwa kuzaliwa alikuwa Mkikuyu. Katika Papa Shirandula yumo Otoyo, bawabu mwenzake Papa, anayeongea vivyo hivyo. Naye mwigizaji wake ni Kazungu Matano, jina linalotosha kutuonyesha ya kwamba chimbuko lake ni pwani. Kuiga ulimi wa mtu mwingine ni ufundi, na ufundi huo una nafasi yake. Lakini lafudhi huchekesha hata pasipokuwa na kisa, ndiyo maana mwandishi mchovu huikimbilia.

Nimefika sasa kwenye neno ambalo washabiki hulitamka mara nyingi kuliko yote bila kulisikia. Neno hilo ni Papa. Wengine hulidhani kuwa lakabu ya kuchekesha tu, au jina la samaki wa baharini. Katika nyumba za Wabukusu, kutoka Bungoma hadi Kitale, papa ni baba. Ni neno la kwanza ambalo mtoto hujifunza kumwitia mzazi wake wa kiume, na hutamkwa kwa heshima. Hapa Matisi, pembezoni mwa Kitale, utalisikia jioni kila panapofunguliwa lango la ua. Kwa hiyo jina la mchezo lenyewe limebeba pande zote mbili za kisa: baba anayeheshimiwa ndani ya nyumba, na bawabu anayechekwa nje.

Nchi yetu hii inamjua bawabu vizuri. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na palipo na ghala pana mtu wa kulilinda. Tangu zamani za mashamba ya walowezi palikuwa na korokoroni, mwenye koti refu na moto wa magunzi ya mahindi. Upande wa Bungoma, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka wa 2009, wanaume wengi waliokuwa na mshahara wa mwezi walijikuta hawana. Mwanamume mwenye nguvu asiye na cheti, akienda Nairobi au Eldoret kutafuta riziki, mlango ulio karibu zaidi kufunguka ni ule wa kampuni za ulinzi. Huko mjini mzaha wa kwamba kila Mluhya ni bawabu au mpishi ulikuwapo kabla ya televisheni. Mchezo wetu haukuuzua. Ulichofanya ni kuuchukua mzaha huo na kuuingiza ndani ya nyumba ya anayetaniwa, ili tumwone akivua viatu.

Ushabiki, hata hivyo, hautaki kuingia nyumbani. Mshabiki aliyepita kiasi hupenda kitu mpaka akakigeuza kuwa chake. Huyajua majina yote, huigiza sauti zote, na katika basi au katika foleni ya chakula haachi kuigiza. Ukimwuliza mchezo ulihusu nini, atakurudishia sauti tu. Jambo hili si letu peke yetu. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa Kiingereza, alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi iliyotolewa mwaka wa 1893. Wasomaji wakakasirika kana kwamba wamefiwa na ndugu, wakamwandikia barua za lawama, na miaka kumi baadaye akalazimika kumfufua. Hata barua zilikuwa zikipelekwa London, miaka mingi, kwa anwani ya Holmes, mtu ambaye hakuzaliwa. Kicheko hakina lawama hapo. Barua ya kumwomba msaada mtu asiyekuwapo haimdhuru yeyote.

Ushabiki wetu una mtu wa kumdhuru. Katika shule moja niliyopata kufundisha, wanafunzi walimwita mlinzi wa lango Papa. Hawakumchukia, pengine walidhani wanamsifu. Walipopita langoni waliukaza ulimi, wakaigiza sauti ya kwenye televisheni, nao wenzao wakaangua kicheko. Mzee yule alicheka nao, kwa kuwa bawabu hana nafasi ya kukasirika. Katika kidato cha pili alikuwamo kijana mmoja ambaye hakucheka wala hakukasirika, ila aliposikia jina hilo aliinama kufunga kamba za viatu. Siku moja darasani niliwaagiza waandike insha fupi juu ya kazi za wazazi wao. Kijana yule aliandika ya kwamba baba yake anafanya kazi mjini, katika kampuni. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli. Baba yake aliajiriwa na kampuni ya ulinzi, na kila jioni alisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi mpaka alfajiri.

Tazama lililotokea. Wale walioujua mchezo kwa moyo, walioweza kuyakariri maneno yake kutoka mwanzo hata mwisho, walikuwa wamemfanya mwenzao avae suti ya Papa. Kijana yule alikuwa akiusema uongo uleule, kwa sababu ileile, mbele ya washabiki walewale, na hakuna aliyeutambua. Mchezo uliielewa aibu ya kazi duni kuliko watu walioupenda. Nikiulizwa kwa nini naupa nafasi ya mbele, jibu langu ni hilo. Michezo mingine ya wakati wake ilituchekesha kwa watu wengine. Huu ulitucheka sisi, nasi tukaushangilia bila kujua.

Bukeko mwenyewe aliishi ndani ya jina hilo. Popote alipokwenda aliitwa Papa, na hata katika matangazo ya biashara watu waliona Papa anakunywa soda, hawakuona mwigizaji. Alifariki tarehe 18 Julai mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya korona, akazikwa siku mbili baadaye kwao Funyula katika Busia. Redio na magazeti yalitangaza ya kwamba Papa Shirandula hayupo tena. Wapo waliomlilia kwa machozi ya kweli ambao hawakupata kulijua jina alilopewa na wazazi wake. Mchezo nao ukakoma. Sioni ubaya wowote katika machozi hayo, ila nasikitika ya kwamba mtu aliyeigiza miaka yote hiyo habari za kufichwa nyuma ya vazi alizikwa, kwa wengi, akiwa bado amelivaa.

Siku hizi wanafunzi wangu wanaujua mchezo kwa vipande vinavyopita katika simu, dakika moja moja. Vipande vinavyopendwa ni vile vya ugomvi na vya lafudhi. Kwa hiyo muhula uliopita niliwafanyia jaribio. Niliwaonyesha darasani kipande cha Papa akibadili nguo, nikaizima sauti kabisa. Mwanzoni walicheka, kwa mazoea. Kisha kicheko kikapungua, maana hapakuwa na ulimi wa kuiga. Palikuwa na mtu mzima tu anayevua koti lake upesi na kutazama nyuma kama anafuatwa. Nilikionyesha mara ya pili. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha ile suti huiweka wapi?"