Maji Yanayorudi Umeme Ukikatika

Fundi wa vioo anayeijua kazi yake haanzi kwa kukata. Mteja anafika kwenye karakana moja ya Magomeni, Dar es Salaam, akiwa na vipimo vya sampu alivyovinakili kwenye simu: anataka lile tangi la chini linalofichwa kabatini ili kuchuja maji ya tangi la samaki. Fundi anavitazama, kisha anauliza jambo ambalo halimo. "Kaka, bomba la kurudishia maji linazama kiasi gani kule juu?"

Ufundi wote uko katika swali hilo. Chukua tangi la juu lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Hilo ni la lita 300. Pampu ikifanya kazi, maji hupanda na kushuka bila kukoma. Umeme ukikatika pampu husimama, ila maji hayasimami. Bomba la kurudishia, kama mdomo wake umezama, huyanyonya kinyumenyume mpaka livute hewa. Mdomo ukizama sentimita mbili na nusu, lita 15 zitashuka. Ukizama sentimita 10, zitashuka 60.

Sasa iweke chini yake sampu iliyonunuliwa dukani, ya sentimita 60 kwa 30 kwa 30, nayo imejazwa theluthi mbili. Nafasi iliyobaki ni lita 18 tu. Lita 42 zitalala sebuleni, kwenye zulia. Sampu ya 90 kwa 40 kwa 40, ikijazwa nusu, ina nafasi ya lita 72; hiyo inazimeza zote 60, pamoja na maji yaliyokuwa ndani ya mabomba, na mwenye nyumba anaendelea kulala.

Wauzaji hupenda kusema sampu iwe robo au theluthi ya tangi la juu. Kanuni hiyo si mbaya, lakini haijaliona bomba la mtu yeyote. Fundi makini huhesabu kwanza maji yatakayorudi, ndipo apime kabati. Na akishapima kabati hupima pia mlango wake, maana sampu isiyopita mlangoni haina kazi, na juu yake lazima mkono upate nafasi ya kuitoa pampu.

Uzuri wa kazi hii, hata hivyo, umo ndani, kwenye chumba cha mwisho inamowekwa pampu. Maji yanayogeuka mvuke kutoka tangi zima hupungua hapo tu. Chumba kikiwa chembamba mno, siku mbili za joto la Februari zinatosha pampu kuanza kumeza hewa. Kikiwa kipana mno, hatari inahamia juu: konokono mmoja akiziba bomba la kushushia, pampu itayasukuma maji yote ya chumba hicho hadi tangi la juu lifurike. Kwa hiyo fundi hukipima kwa nafasi tupu iliyobaki kwenye tangi la juu, kati ya uso wa maji na ukingo wa kioo. Kabla ya chumba hicho husimamisha vioo vitatu, cha kati kikiinuliwa kidogo kutoka kitako cha sampu, ili maji yapite chini yake na mapovu yapande yakapasukie njiani. Kipimo kimoja cha chumba hicho kinalinda pampu, sakafu na samaki kwa pamoja. Nani alikaa akalifikiria hilo?

Majumba ya samaki ni ya tangu 1853, London ilipofungua lake katika bustani ya wanyama. Uchujaji wa ndani ya kabati ulienea majumbani baadaye sana, hasa baada ya makala za George Smit katika jarida la Marekani la Freshwater and Marine Aquarium mwaka 1986. Wapenzi wengi wa samaki walijiundia sampu zao wenyewe.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuuthamini ufundi huu. Samaki wa jamii ya Tropheus wa Ziwa Tanganyika, wanaokwangua mwani kwenye miamba, wamezoea maji yasiyobadilika kirahisi, yenye pH inayokaribia 9. Kila lita inayoongezwa ndani ya kabati huyafanya mabadiliko yaende polepole. Wapo samaki wa Kigoma wanaofugwa Ulaya na kuwekewa sampu zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa. Inauma kuwaona wenzao nyumbani wakiwekewa boksi lolote lililopatikana.

Karakana nyingi sasa zinaishi kwa madirisha ya alumini, ilhali sampu inataka subira. Silikoni yake, ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, inataka kuachwa ikauke, wiki nzima ikibidi, kisha sampu ijaribiwe nje kwa maji. Mteja anaitaka kesho. Anauliza urefu na bei, anapewa urefu na bei, na kijana anayejifunza kazi pembeni hasikii likitajwa bomba wala umeme, kwa hiyo naye hatakuwa na la kumuuliza mteja wake.