Shubaka Jeupe

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa imezama ardhini mpaka kiunoni. Ukitokea juu, upande wa Kainam, ungeweza kulikanyaga paa lake ukidhani bado uko malishoni. Mbuzi walifanya hivyo kila siku. Ndivyo Wairaqw wa Irqwar Da'aw, kwenye milima ya Mbulu, walivyojenga zamani: walichimba ubavu wa kilima, wakasimika nguzo, wakalaza miti, wakafunika kwa udongo, nyumba ikawa kipande cha mlima. Wazee husema walikuwa wakijificha dhidi ya wavamizi wa Kimaasai. Baridi ya Juni na Julai nayo ilikuwa na hoja yake.

Dirisha halikuwapo. Jua liliingia kwa mlango mmoja, likatambaa mpaka kwenye jiwe la kusagia, likaishia hapo. Jiwe halikuwekwa pale kwa bahati. Kwa Kiiraqw jua na Mungu wana jina moja, Looaa, naye husemwa kuwa ni mama. Bibi alipiga magoti mbele ya jiwe lile asubuhi, mwanga ukimwangukia mikononi, na unga ukawa mweupe kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Vyote vya kazi vilikaa kwenye njia ya jua, vyote vya usingizi viliachiwa giza. Nimeingia tangu hapo katika majengo mengi yaliyochorwa na wasomi ambamo hakuna aliyejiuliza jua litamkuta nani, anafanya nini.

Usiku ulikuwa wa kibatari. Ukutani, mkabala na mafiga, bibi alikuwa amechimba shubaka la kina cha mkono, na ndani yake alipaka udongo mweupe. Kila wiki masizi yalilichafua, kila wiki alilipaka upya. Kibatari kilikaa humo, kimesukumwa pembeni, hivi kwamba ukiketi kwenye kigoda mwali wenyewe huuoni. Unachokiona ni ukuta umewaka, na mbele ya ukuta nyuso za watu.

Siku moja nilikitoa nikakiweka sakafuni, karibu na daftari langu la shule. Bibi alinitazama kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo taa umeiweka ikutazame wewe. Irudishe, itazame ukuta." Nilirudisha huku nimenuna. Lakini kweli, pale sakafuni macho yangu yalikuwa yakivutwa na mwali, na herufi zilikuwa zimefifia.

Sababu yake niliijua nilipokuwa mtu mzima. Kibatari hutoa lumeni zipatazo 10, wakati balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa 700 hadi 800. Mwanga mdogo kiasi hicho ukiwekwa wazi katika chumba cha udongo mweusi, kuta zinaumeza wote, na mboni ya jicho inajibana kwa ajili ya ule mwali mmoja mkali, chumba kinazidi kuwa cheusi. Ukiuweka ndani ya weupe, nukta ya moto inageuka kuwa kipande kizima cha ukuta, chenye mwanga mpole ambao jicho halina haja ya kuukwepa. Taa inakuwa shubaka.

Vibatari vyetu vilitoka mnadani Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako mjomba alipeleka mbuzi. Nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuandamana naye, nilimwacha na mbuzi wake nikaenda kuchuchumaa mbele ya fundi bati. Alikata kopo la maziwa ya unga kwa mkasi, akakunja ukingo mara mbili usije ukamkata mtoto. Mrija wa utambi aliuviringisha juu ya msumari mnene, akaugonga taratibu mpaka ukafunga, akauchomelea kwenye kifuniko kwa lehemu. Aliuacha mrija usimame juu, moto ukae mbali na mafuta. Kitako alikipanua kidogo kuliko mwili, ili kisipinduke kikiguswa. Kisha, pembeni ya mrija, akatoboa tundu dogo kama la sindano. Nilimuuliza ni la nini.

"Mafuta nayo yanapumua," alinijibu.

Na ndivyo ilivyo. Mafuta yanapopungua, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Bila tundu lile utambi unavuta mpaka unashindwa, na mwali unasinzia. Tundu hilo hakuna mnunuzi aliyeliulizia, ila kila mnunuzi angelikosa usiku.

Sisemi kibatari kilikuwa kitu salama. Asubuhi tulipenga masizi, na nawajua waliobaki na makovu. Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, vibatari vingi viliwekwa kando, na taa ndogo za sola zikashika nafasi. Sikuvililia. Ninachokisifu ni ule mkono uliojua pa kuupeleka mwanga.

Mkono huo nimeukuta kwingine. Katika nyumba za mawe za Lamu, za karne ya 18, chumba cha ndani kiko mbali na kiwanda, ua ambao mwanga unashukia. Na ukuta wa chumba hicho ndio uliojazwa zidaka, yaani vishubaka, kwa safu, zimefinyangwa kwa chokaa nyeupe. Washa taa moja mbele yake: kila kidaka kinashika mwanga ukingoni na kivuli tumboni, na chumba kilichokuwa na giza kinapata kina na utulivu. Kule Denmark, Poul Henningsen, aliyezaliwa 1894 na kukulia kwenye mwanga wa taa ya mafuta, hakuvumilia kuona balbu ya umeme ikining'inia uchi. Alitumia miaka mingi akipanga vikombe vya taa, kimoja juu ya kingine, na taa yake iitwayo PH 5, ya mwaka 1958, imepangwa ili mtu aketipo, upande wowote, asiione balbu. Nilipoiona picha yake kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ya bibi.

Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ulipofika kwetu tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila sebule nyingi zilipata balbu moja tu, katikati ya dari, kali. Soma boksi lake: mara nyingi utakuta 6500K, kipimo cha rangi ya mwanga. Mwali wa kibatari uko kwenye 1900 hivi. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyoelekea ubuluu. Chini ya balbu ile ugali unaonekana kama chokaa na mgeni anaonekana mgonjwa. Dukani ukiomba ya 2700 au 3000 huenda ukaipata kwa bei ileile. Iombe.

Mwaka jana dada yangu alimaliza nyumba yake Katesh, akamwita kijana wa kufunga dari ya jipsamu. Wengi huwaomba mafundi hawa taa za mkanda za rangi, zambarau na kijani, zinazobadilika kwa rimoti. Dada alitaka njano iliyotulia. Kijana alishusha ukingo wa dari, akaacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, akalaza mkanda wa taa humo ndani, umetazama juu. Kabla ya kuulaza, alipanda ngazi na kopo la rangi, akapaka mfereji ule nyeupe, mikono miwili ya rangi, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Humu ndimo taa inamofanyia kazi, mzee."

Jioni alibonyeza swichi. Ukuta wa mashariki ukawaka kutoka juu kushuka chini, polepole ukififia kuelekea sakafuni. Mama yetu, ambaye ndiye binti wa bibi yule, alikuwa amekaa kwenye kochi. Aligeuza kichwa huku na huku.

"Taa yenyewe iko wapi?"

"Imejificha, mama," kijana alisema.

Mama alinyamaza. Alinyanyuka kwa kushikilia mkono wa kochi, akaenda kuupapasa ukuta kwa kiganja, pale ulipowaka zaidi. Kisha akaniambia nikaizime ile balbu ya katikati.