"Kusonga Mbele": Neno Moja, Miendo Miwili

Katika masimulizi ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, neno kusonga mbele limetwishwa mzigo mzito mno. Latumika kwa kikosi kinachotembea barabarani, na pia kwa seksheni inayoshambulia. Hayo si mamoja. Tuchukue mabonde ya Igowole, Mufindi: askari wote wakiteremka pamoja, adui aliye ng'ambo huwafyeka. Wakigawanyika, kundi moja hufyatua risasi ili adui ainamishe kichwa, jingine hukimbilia penye kinga (si maficho tu, kichaka huficha, hakizuii risasi), kisha hubadilishana. Mwendo huu twapendekeza uitwe kupokezana. Mruko wa chura, tafsiri sisisi ya Kiingereza, yachekesha pasipostahili kicheko. Kuruta akiambiwa "songeni" tu, atajuaje nani afyatue, nani akimbie?