Mwas Alikuwa Mwigizaji Kabla ya Nairobi

Juzi nilirudia kutazama Nairobi Half Life, ile filamu ya 2012 iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mara ya kwanza nilikuwa bado chuo, na kama kila mtu nilibebwa na bunduki, Sheng na vipuri vya magari vinavyoibwa. Safari hii nilikwama mwanzoni kabisa. Mwas, anayechezwa na Joseph Wairimu, yuko kwao mashambani akiuza filamu za mapigano za ng'ambo. Hasimami tu akitaja bei. Anazicheza, anakuwa shujaa, anakuwa adui, na watu wanamkusanyikia.

Kisha wanakuja waigizaji kutoka Nairobi. Mwas anaomba nafasi, anaambiwa atoe shilingi 1,000. Ana 500 pekee. Anazitoa, zile zingine azipeleke National Theatre. Yaani jamaa anayekula kwa kuigiza kila siku analipa ndio aitwe mwigizaji! Filamu inaona kwamba analaliwa, lakini haioni alichokuwa nacho tayari. Akifika jijini anaibiwa, anakamatwa, anaingia genge, na ule uchuuzi wake hauna maana tena. Ulikuwa wa kupitisha muda tu.

Hapo ndipo ninapokosana na filamu ninayoipenda.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, nikauza soksi Ronald Ngala miezi 8. Nilianza kwa sababu ya kodi ya nyumba, hakuna falsafa hapo. Lakini kodi haielezi mambo ya mathee tuliyepakana naye, wa blauzi za mtumba. Kila asubuhi alichagua blauzi moja kutoka kwa mzigo, akaivaa juu ya fulana yake, akasimama. Kufikia saa nne kuna mtu ameitaka hiyo hiyo aliyovaa. Anaivua, anaiuza, anavaa nyingine. Jioni sisi tukihesabu pesa, yeye alikuwa anatangaza: "Leo wamenivua mara tatu." Kuna siku aliuza karibu gunia lote bila kuvuliwa hata mara moja, na walai alienda nyumbani amenuna.

Si kwamba ni raha. Shuka yangu ilikuwa na kamba kwenye kona zote nne, mluzi ukilia unavuta, unakimbia. Kwa hofu hiyo filamu haikudanganya, na mimi mwenyewe niliacha kwa sababu ya magoti na mvua. Labda naipamba kazi sasa kwa vile siifanyi tena. Ila tangu kampeni za 2022, wilibaro ilipogeuzwa nembo na kila mtu akaitwa hasla, naona kosa la filamu limekuwa lugha ya nchi: mchuuzi ni mtu anayesubiri kutolewa barabarani. Hakuna anayemuuliza ni nini kinachomrudisha kesho, mbali na njaa.

Wiki jana nilimpelekea mathee simu, nikamwonyesha zile dakika za mwanzo. Alitazama akiwa amesimama, akacheka mahali Mwas anapigana na hewa.

"Huyu kijana anajua kuuza," akasema. "Sasa Nairobi anafuata nini?"

Nikamwambia anatafuta kazi ya kuigiza. Akanirudishia simu.