Usihadaike na Utando wa Buibui

Ukitaka kujua kama programu ya kuchora maarifa ina thamani, usiipime kwa mfano mdogo ulioandaliwa na watengenezaji wake. Dhana 20 hupendeza popote. Ipakie Gene Ontology, yenye dhana zipatazo 40,000 kuhusu kazi za jeni na sehemu za seli, au SNOMED CT ya istilahi za tiba, inayopita 300,000. Hapo programu nyingi hukutolea utando wa buibui: duara juu ya duara, mistari imepishana hadi skrini inakuwa nyeusi. Picha hiyo inafaa jalada la ripoti. Kwa kazi haifai.

Mhandisi wa maarifa hushinda akiiandikia kompyuta mambo ambayo sisi tunayachukulia kuwa wazi: kipi ni aina ya kipi, kipi ni sehemu ya kipi, vipi haviwezi kuwa kitu kimoja. Maandishi hayo ndiyo ontolojia. Hakwami kwa kukosa picha, bali kwa sababu kichwa cha mtu hakishiki mambo mengi kwa mpigo. Mwanasaikolojia George Miller alikadiria mwaka 1956 kuwa yanayoshikika ni 7, yakizidi au kupungua mawili. Basi kila chombo kiulizwe: kinanibebea nini?

Tazama mistari kwanza. Kiini ni sehemu ya seli, si aina ya seli. Programu inayochora uhusiano huo wa namna mbili kwa mshale mmoja wa rangi moja, iache hapo hapo. Tazama pia dhana yenye wazazi wawili, jambo la kawaida katika Gene Ontology: ukiibofya, uonyeshwe kote inakokaa, usije ukaihariri huku ukidhani ni nyingine.

Kisha funga tawi moja, ulifungue tena. Je, vitu vimerudi mahali pake? Jicho hukumbuka mahali kabla ya jina, na mchoro unaojipanga upya kila ukiguswa hukupotezea kumbukumbu hiyo. WebVOWL, programu ya kuchora ontolojia kwenye kivinjari, ina kasoro hii, ingawa, tusiionee, ina kitufe cha kuutuliza mchoro. Kundi la Margaret-Anne Storey wa University of Victoria, Kanada, lilikwenda njia nyingine: katika Jambalaya, iliyopachikwa kwenye Protégé, programu ya kuhariri ontolojia, dhana ndogo zilichorwa ndani ya kubwa, nawe ukazifuata kwa kuvuta karibu. Kwangu hilo ni wazo bora kuliko mipira inayorukaruka.

Ila kipimo kinachotenga vyombo vya kweli na mapambo ni hiki: je, programu inaweza kukueleza kwa nini? Fungua Protégé ya Stanford, pakia ontolojia ya piza ambayo University of Manchester huitumia kufundishia, uagize mantiki ipimwe. Jina la aiskrimu linageuka jekundu, maana yake kwa sheria zilizoandikwa hakuna aiskrimu inayoweza kuwepo. Mgeni ataikagua aiskrimu yenyewe asione kosa. Akiomba maelezo, anapewa mistari michache: aiskrimu imewekewa matunda juu, chochote kilichowekewa kitu juu ni piza, aiskrimu na piza haziwezi kuwa kitu kimoja. Kosa hilo lilipandwa makusudi. Sheria ya katikati ndiyo yenye lawama, nayo imeandikwa mbali kabisa na aiskrimu, mahali ambapo mtu asingefikiria kutazama. Hakuna mchoro hata mmoja hapo, na bado huo ndio msaada wa akili ninaoujua kuwa bora kuliko yote katika fani hii. Maelezo yakirefuka, kagua kama yamepangwa kwa hatua au yamemwagwa tu.

Mwisho, kilichoandikwa na mtu kitofautishwe na kilichokokotolewa na mashine. Visipotenganishwa, utasahihisha usichokiandika.

Ukilazimika kuchagua kati ya mchoro wa kuvutia usiojieleza na orodha kavu ya matawi inayojieleza, chukua orodha. Protégé hailipiwi: ipakue, iwekee ontolojia yako mwenyewe, uiulize swali ambalo jibu lake tayari unalijua, uone itachukua mibofyo mingapi kulifikia.